Mafua na macho ya matongo kwa mtoto wa paka, yakiwa yanarudi rudi ufanyeje

Masika ikishika huku Tanga watoto wa paka wanaanza kupiga chafya mtaa mzima, kuanzia kule Deep Sea kwenye samaki mpaka Ngamiani kwenye vibaraza, jicho moja limegandana, pua imejaa kamasi, afu anatokea mtu mwenye huruma zake anabeba mmoja, anamsafisha, anampaka dawa, katoto kanapona kanaanza kurukia mapazia na mwenyewe anasahau kabisa. Baadae mafua yaleyale tena. Anapaka, yanaisha, yanarudi. Hapo ndo utasikia dawa feki, au huyu paka ana mkosi, au ati jirani ana mkono. Jamani hamna mkono wa mtu hapo. Mara nyingi sana hao wadudu hawajatoka popote, wamo humo humo mwilini mwake wamejificha, na ukishalielewa hilo utaacha kubadilisha dawa kila wiki.

Mkubwa wao ni kirusi cha herpes ya paka. Sio ile ya binadamu, hawezi kukuambukiza wewe wala watoto nyumbani, ni ya paka kwa paka. Paka akishaipata anakaa nayo maisha, inaenda kulala kwenye mishipa ya fahamu ya usoni, na siku mwili ukiyumba inaamka. Kinachoiamsha ni mastress ya kipaka ambayo sisi tunayaona madogo: kuhamishwa nyumba, kuachishwa ziwa mapema, kuletewa paka mwingine, mtoto wa jirani anayemkimbiza siku nzima, kuogeshwa, safari ya bodaboda, operesheni ya kufunga uzazi. Na haiamki siku hiyohiyo, inachukua kama wiki hivi ndo chafya zianze, ndo mana mtu haunganishi, amesafiri Ijumaa iliyopita kampeleka paka kwa dada yake kule Muheza, leo paka anaumwa anasema ni upepo.

Wa pili ni kirusi kinaitwa kalisi, huyu anapenda mdomo, utaona vidonda kwenye ulimi, paka anatoa mate, anataka kula ila akigusa chakula anaruka nyuma, na saa zingine anachechemea bila kuumia popote. Wa tatu ni klamidia ya paka, hii ni bakteria na inapenda macho zaidi, kawaida inaanza jicho moja, kile kinyama cha pinki ndani ya kope kinavimba mpaka kinatokeza nje, siku chache baadae inahamia la pili. Kwa nini nakwambia yote haya? Manake bakteria antibayotiki inaua, kirusi haiui. Kwenye kirusi antibayotiki inazuia tu wale bakteria wanaodandia pale njia ikishakuwa na vidonda. Kwaio ukimpa paka dawa na akapiga chafya mwezi ujao, dawa haijafeli.

Sasa kazi yenyewe.

Kabla hujaenda duka la dawa kununua chochote, kaa nae kwenye mwanga, angalia jicho lenyewe, usiangalie matongo. Ukiona analifinya muda wote, hataki mwanga, au kile kioo cha mbele cha jicho kina ukungu mweupe au wa bluu, au kuna kama kishimo, au jicho moja linaonekana kubwa kuliko lingine, hiyo ni leo kwa daktari wa mifugo, sio kesho. Herpes inachimba kidonda juu ya kioo cha jicho, na kwa mtoto wa paka kidonda hicho kinaweza kutoboka kwa siku chache ukapoteza jicho. Daktari akiwa na ile rangi ya kupimia, anadondosha tone, anamulika na taa ya bluu, penye kidonda panang'aa kijani. Kipimo cha dakika mbili, muulizie kabisa kama anacho.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa japo siandiki kwa herufi kubwa: dawa za macho zenye steroidi usimtie. Yale matone ya binadamu ya macho mekundu, mengi yamechanganywa antibayotiki na steroidi kwenye chupa moja, muuzaji anakupa kwa nia njema kabisa, unatia, jicho linakuwa jeupe linapendeza siku mbili, kumbe steroidi imelaza kinga na kirusi kinachimba chini kwa raha zake. Soma boksi. Ukiona jina linaishia na "sone" au "solone", yani dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone, prednisolone, rudisha. Hata kama jirani yako alipona nayo.

Ambayo ni salama kuanzia, kama kioo cha jicho kiko safi na tatizo ni matongo na wekundu, ni ile tyubu ya tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1, ya bei ndogo, hii hii wanayotumia kwa trakoma, iko karibu kila duka la dawa. Inamkamata klamidia vizuri. Kamua kiasi cha punje ya mchele, weka ndani ya kope la chini, mara tatu mpaka nne kwa siku, macho yote mawili hata kama ni moja linaloumwa. Wengi wanakosea kwenye kuacha, jicho likikauka siku ya nne wanaweka tyubu kabatini. Usiache, endelea hata baada ya jicho kuonekana zima, na kama daktari ameshuku klamidia tegemea kama mwezi mzima wa dawa ya kumeza, na paka wote wa nyumba hiyo wanatibiwa pamoja, la sivyo wataendelea kupokezana. Wapo paka wachache tetrasaiklini inawachoma, ukiona jicho linazidi kuvimba kila ukipaka, acha umuone daktari. Tyubu ikishafunguliwa mwezi umepita, tupa.

Kusafisha. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa kabisa, koroga, funika yapoe yawe vuguvugu. Kila siku tengeneza mapya. Mfunge paka kwenye kanga kama kichanga, mikono ndani kichwa nje, hapo hata awe mkali vipi hakuchani. Lowesha pamba, iweke juu ya jicho lililogandana, subiri. Usibandue! Watu wanabandua gamba likiwa kavu wanatoka na kope. Likilainika lifute kutoka kona ya puani kwenda nje, pamba moja kwa jicho moja, ukienda jicho la pili chukua pamba nyingine. Ukimaliza macho ndo unahamia pua, usianze na pua ukapandisha kamasi machoni. Afu dawa. Dawa juu ya matongo ni kupaka rangi ukuta wenye ukoga, haishiki.

Kama ni kachanga kabisa, kana wiki moja au mbili na macho hayajafunguka ila kope zimetuna kama kuna kitu ndani, huo ni usaha umenasa. Hapo unaloweka na maji vuguvugu, unasugua taratibu pembeni ya pua lile jicho lifunguke kidogo usaha utoke, na ikigoma usilazimishe kwa kucha, mpeleke.

Watakuja watu na chai ya rangi, maziwa ya mama, limau, asali. Waitikie kwa heshima, hasa wakiwa ni mashangazi, afu endelea na maji yako ya chumvi.

Kula ndo kunakookoa maisha, naomba uamini hivo. Paka anakula kwa pua. Akiziba hasikii harufu, na asiposikia harufu chakula kwake ni kama hakipo, anaweza kulala pembeni ya samaki mzima asimguse. Mtoto wa paka chini ya miezi mitatu akikaa nusu siku hajala anaanza kuishiwa nguvu, sukari inashuka, mwili unapoa, na kwa nilivyoona wanaokufa na mafua wengi wanamalizwa na njaa na kukauka maji, mafua yenyewe ni kisingizio. Kwaio: safisha pua kwanza, afu mpe chakula chenye harufu kali na kiwe cha vuguvugu. Dagaa wa kuchemsha wasiotiwa chumvi, wasagwe na ile supu yake mpaka iwe uji. Kibua aliyetolewa miba. Maini ya kuku kidogo. Kitunguu na kitunguu saumu usithubutu, vinaharibu damu ya paka, kwahiyo mabaki ya mchuzi wa nyumbani hapana. Maziwa ya ng'ombe najua Tanga yamejaa na kila mtu anawapa paka, ila mengi yanawaharisha, na kuharisha juu ya mafua ni kumkausha mara mbili. Kama bado ananyonya na mama hayupo, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka duka la mifugo. Samaki peke yake pia sio chakula cha maisha, akipona mchanganyie na chakula chake chenyewe cha paka.

Akikataa kabisa, sirinji bila sindano, mwingizie pembeni ya mdomo nyuma ya jino refu, kidogo kidogo, aache ameze, kichwa kiwe sawa usikiinue juu atapaliwa chakula kiende mapafuni. Na usimlishe akiwa amepoa, mpashe joto kwanza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo pembeni yake. Ngozi ya shingo ivute uiachie, ikichelewa kurudi, au fizi zinanata, amekauka maji, huyo anahitaji dripu ya chini ya ngozi na ni daktari tu.

Mpime uzito kila siku, saa ileile. Mzani wa jikoni ukiwa nao sawa, huna nenda kwa muuza mchele na kikapu chako, atacheka ila atakupimia. Mtoto wa paka mzima anaongeza kama gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Siku mbili haongezeki, ni dalili. Anapungua, ni daktari. Huo uzito pia ndo dozi yenyewe. Mfano doxycycline, antibayotiki ambayo madaktari wengi wanaitoa kwa mafua haya, ni kama miligramu 10 kwa kilo moja kwa siku, kwahiyo katoto ka gramu 600 kanataka miligramu 6, na kapsuli ya binadamu ina 100. Sasa wewe fungua kapsuli ugawe kwa macho uone utakachomfanya. Mwambie daktari akutengenezee ya maji, na kila ukimpa fuatisha maji kidogo au chakula, manake doxycycline ikinasa kooni inaunguza koo la paka mpaka linasinyaa.

Dawa za kuua sasa. Panadol. Nasema kuua namaanisha kuua, ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol, hata kipande kidogo kinageuza damu isibebe hewa, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba, anakwisha. Na dawa nyingi za mafua za binadamu zina hiyo au mabaya zaidi. Diclofenac na ibuprofen vilevile. Vidonge vya acyclovir, mtu anasoma mtandaoni kwamba herpes inatibiwa na acyclovir, kwa paka ukimmezesha vinaangusha uboho wa mifupa. Dawa ya kumeza ya kirusi inayovumilika kwa paka inaitwa famciclovir, ni ya kuandikiwa. Vicks na mafuta ya mkaratusi kwenye mvuke, hapana, sumu. Na viroboto, ambavyo kweli vinapunguza damu na kinga na lazima uvitoe, usivitoe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe wala unga wa mbwa wenye permethrin, paka anaanza kutetemeka kama ana kifafa. Kitana cha meno madogo na maji ya sabuni laini kwenye kitana, kila siku, mpaka daktari akupe dawa ya paka.

Ile lysine inayouzwa kama nyongeza ya kuzuia herpes, watafiti waliopitia ushahidi wote mwaka 2015 walisema haisaidii paka. Hela hiyo nunua dagaa.

Hewa ya ndani. Hapa ndo sisi watu wa pwani tuna kesi. Chetezo la udi kila Alhamisi jioni, jiko la mkaa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha chini ya kitanda ambapo paka ndo amelala, afu tunauliza kwa nini anapiga chafya. Pua yenye vidonda ikivuta moshi haiponi. Sikwambii uache udi, fukiza chumba kingine, paka mhamishe, fungua dirisha kabla hajarudi. Mbu tumia neti. Pua ikiziba sana mkae nae bafuni na ndoo ya maji ya moto mlango umefungwa dakika kumi, ndoo iwe mbali asiitumbukie, maji matupu bila kitu.

Kama kuna paka wengine, huyu mgonjwa chumba chake, bakuli lake, mchanga wake, na wewe mhudumie wa mwisho, unawe, ubadili kanga. Chafya ya paka inafika kama mita moja na zaidi, ila mikono yetu inafika mbali zaidi. Herpes nje ya mwili inakufa haraka, siku moja hivi, kalisi inakaa mpaka wiki kadhaa sakafuni. Sabuni peke yake haimtoshi. Osha kwanza uchafu utoke, afu jiki vijiko vikubwa vitatu kwa lita ya maji, acha dakika kumi, suuza, kausha, ndo paka arudi. Usipige jiki paka akiwa chumbani.

Sasa akirudia. Andika kwenye simu kila mara inapoanza na wiki moja kabla kulitokea nini. Ukiangalia mwenyewe utaona kinachojirudia: kila wageni wakija, kila ukimuogesha. Basi hicho kipunguze. Mpe boksi la kujificha mahali pa juu, chakula na mchanga visikae pamoja, asiogeshwe, minyoo atolewe kwa ratiba. Chafya kidogo za maji maji, anakula, anacheza, macho mazima, huyo unamsafisha na kumwangalia tu, zinakwisha zenyewe siku saba mpaka kumi, sio kila chafya ina antibayotiki. Kamasi ya kijani, kaacha kula, homa, hapo unaenda. Na akihema kwa mdomo wazi, au akiwa amelala ukahesabu pumzi zinazidi 40 kwa dakika, acha kusoma hapa ondoka nae sasa hivi.

Ila kuna marudio mengine sio virusi. Kamasi inatoka tundu moja tu la pua. Anakoroma akiwa macho. Maziwa yanatokea puani akinyonya, huyo angalia paa la mdomo linaweza kuwa na mpasuko. Kope limejikunja ndani nywele zinakwaruza jicho, hata upake tyubu kumi. Kuna kinyama kinachoota nyuma ya pua kwa paka wadogo, kinatolewa na wengi wanapona. Na kama anaumwa kila kitu kila wakati, ngozi, mdomo, tumbo, muombe daktari ampime virusi vya leukemia ya paka na vile vinavyoshusha kinga ya paka, navyo haviingii kwa binadamu.

Kuhusu kwenda kwa daktari: Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa, madaktari wa mifugo tunao wazuri lakini wengi siku yao imejaa ng'ombe, paka wa gramu mia sita sio mgonjwa wao wa kila siku. Na utakutana na mzee hapo nje, "mgosi, nyau nae kaletwa hospitali?" Cheka nae. Ukiingia ndani mrahisishie daktari: umri, uzito wa leo, orodha ya dawa zote ulizotia na tarehe, picha za jicho la siku ya kwanza na la jana, anakula kiasi gani. Uliza mwenyewe swali hili, jicho lina kidonda au halina. Msafirishe kwenye kikapu chenye mfuniko, kitambaa juu, panda bajaji kama unaweza, bodaboda upepo unampiga machoni na hofu yake peke yake inatosha kuamsha kirusi.

Chanjo ile ya tatu kwa moja, yani sindano moja ya virusi vitatu vya paka vikiwemo herpes na kalisi, inaanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Kwa mafua haizuii asiambukizwe, na kama ameshaambukizwa haitoi kirusi, inafanya mafua yawe mepesi. Usimchanje akiwa na homa, subiri apone. Kichaa cha mbwa ni sindano nyingine, akifika miezi mitatu, na hiyo hata kama hatoki nje.

Wengi tunaokota ili tumpatie mtu mwingine. Mwambie ukweli anayemchukua: huyu ana mafua ya kurudi, wiki ya kwanza au ya pili kwako atapiga chafya kwa ajili ya kuhama, usishtuke wala usimrudishe. Kama ana paka mwingine mdogo ambaye hajachanjwa, huyo achanjwe kwanza ndo wako aende. Mpe na kipande cha ile kanga aliyokuwa analalia, bila kufua.